Tairi la mashine ya nyasi ya kukalia: tyubu, uzi, maji ya kuziba au tairi jipya?

Mashine za kukatia nyasi za kukalia si nyingi Nyanda za Juu Kusini, lakini zipo: viwanja vya shule na makanisa Iringa, nyumba za wageni Mbeya na Tukuyu, makazi ya mashamba ya chai Mufindi. Injini yake haimsumbui fundi aliyezoea pampu za maji na jenereta. Kinachosumbua ni tairi. Ni dogo, pana, la upepo mdogo, na mara nyingi halina tyubu. Ukilipeleka dukani kwenye mashine ya kubadilishia matairi ya magari, rimu ya inchi 6 haishikiki. Ukilipeleka kwa fundi pancha wa barabarani, atalipiga kwa mtaimbo na nyundo kama la lori, na bati la rimu hii ni jembamba, linapinda. Kazi hii inafanyika vizuri zaidi nyumbani, kwa utaratibu, mradi umechagua kitu sahihi cha kuweka.

Vitu vinavyouzwa kwa ajili ya pancha hii ni vinne, na havilingani hata kidogo. Tyubu ya saizi sahihi ndiyo bora kwa mtu asiye na kompresa. Maji ya kuziba yanafaa kwa miiba midogo. Uzi wa kuziba ni wa kukuvusha siku. Tairi jipya ni la lazima pale ubavu unapokuwa umepasuka, na hapo usijidanganye na kingine chochote.

Kabla ya kununua, soma namba kwenye ubavu. Mashine nyingi zina 15x6.00-6 mbele na 20x8.00-8 au 18x8.50-8 nyuma. Namba ya kwanza ni kimo cha tairi zima, ya pili ni upana, ya mwisho ni rimu, zote kwa inchi. Kwa hiyo 15x6.00-6 ina kimo cha sentimita 38 hivi, upana wa 15, na inakaa kwenye rimu ya inchi 6. Andika namba zote tatu. Muuzaji akikuuliza "rimu ngapi?" tu, hajaelewa unachotafuta.

Hapo ndipo tyubu ya bajaji inapoingia, na inastahili kusemwa kwa urefu kwa sababu ndiyo inayopatikana Mwanjelwa, Mafinga, Makambako na kila mahali. Tairi la bajaji ni 4.00-8. Toroli nyingi nazo hutumia tairi la rimu ya inchi 8. Mtu anaona "8" kwenye tairi lake la nyuma, anaona "8" kwenye boksi la tyubu, anafurahi. Lakini tyubu ya bajaji imetengenezwa kwa upana wa inchi 4, na tairi lako lina upana wa inchi 8. Ukiijaza humo, mpira unavutika karibu mara mbili ya ulivyokusudiwa, unakuwa mwembamba, na mwiba ambao usingeitoboa tyubu sahihi unaitoboa hii. Kibaya zaidi ni shina la vali. Mpira unapovutika kwenda pande zote, unavuta kitako cha vali, na hapo ndipo unachanika. Mchaniko wa kitako cha vali hauzibiki kwa kiraka. Kama huna jingine na uwanja lazima ukatwe leo, iweke, kata nyasi, kisha agiza tyubu sahihi. Kwa tairi la mbele la rimu ya inchi 6 hata usijaribu.

Kosa la upande wa pili ni tyubu kubwa kupita kiasi. Haipati nafasi ya kujinyoosha, inajikunja ndani, na mkunjo unasuguana na tairi mpaka unatoboka. Ukikuta tyubu iliyotoboka kwenye mstari ulionyooka bila alama yoyote ya mwiba, huo ni mkunjo.

Tyubu sahihi za saizi hizi ni nadra madukani Mbeya na Iringa. Njia ya kawaida ni kuagiza Dar es Salaam na kutumiwa kwa basi. Mwombe muuzaji apige picha ya maandishi kwenye tyubu yenyewe, si kwenye boksi, pamoja na picha ya vali. Vali unayotaka kwa mashine nyingi ni ile fupi ya mpira, iliyonyooka, iliyoandikwa TR13. Inaingia kwenye tundu lilelile la vali ya kiwandani, ambalo lina kipenyo cha milimita 11.5 hivi. Vali ya chuma iliyopinda, TR87, ni ya magurudumu ambayo kitovu chake kinaziba njia ya pampu. Ukiweka shina jembamba kwenye tundu kubwa, linacheza, na ukingo wa bati unalikata taratibu.

Uzi wa kuziba, ule unaosukumwa kwa msumari wenye mpini, unasifiwa sana na wenye magari. Kwenye gari unastahili sifa hiyo. Kwenye mashine ya nyasi mambo ni tofauti. Tairi lake mara nyingi lina tabaka mbili tu za nyuzi, halina waya za chuma kwenye uso, na linakunjamana kila linapozunguka kwa sababu upepo ni mdogo. Uzi unakosa kitu kinene cha kuushika. Halafu keekee ya mkono inayokuja na seti hiyo imekusudiwa kupasua njia kwenye tairi la gari, kwa hiyo inaacha tundu kubwa kuliko la msumari. Uzi unafaa pale msumari ulipoingia katikati ya uso wa tairi, kwenye kashata nene, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka usoni. Pembeni au ubavuni haufai.

Maji ya kuziba, yale ya chupa yanayoingizwa kupitia vali, yana nafasi yake halisi huku kwetu. Maeneo makavu ya Iringa yana mbigili na miiba ya migunga. Tairi moja linaweza kuwa na vitundu kumi vidogo, na hakuna anayeziba kumi kwa viraka. Kwa tairi la namna hiyo maji haya ni msaada mkubwa. Toa kisindano cha vali, kile kipande chembamba cha ndani kinachozuia upepo, mimina kipimo kilichoandikwa kwenye jedwali la chupa kwa saizi yako, rudisha kisindano, jaza upepo, kisha endesha papo hapo kwa dakika kumi na tano au zaidi. Mashine hii huenda taratibu, kwa hiyo maji hayatasambaa ndani haraka kama kwenye gari. Ukiyaweka na kuiegesha, yanabaki chini kama uji kwenye sufuria na tundu la juu linaendelea kuvuja.

Ubaya wake ni mwingine. Hayazibi ufa wa ubavu wala uvujaji wa kwenye kutu ya rimu, na baada ya muda hukauka. Watengenezaji wengi hutaja miaka 2. Na tairi likishapakwa maji hayo, kiraka cha solusheni hakishiki mpaka uoshe na kukausha kila sehemu. Ukijua kwamba utaweka tyubu mwezi ujao, usimwage maji leo.

Tairi jipya linahitajika ubavu ukiwa na nyufa zinazofikia nyuzi, au ukiona nyuzi zenyewe. Tyubu ndani ya tairi la namna hiyo hutokeza kwenye ufa kama jipu, kisha hupasuka. Matairi ya nyuma yanunuliwe mawili. La upande mmoja likiwa na kimo kikubwa kuliko la pili, kava la visu linalala upande na uwanja unabaki na ngazi. Kuhusu kashata: zile pana na za chini hazichubui nyasi za bustani. Zile za mishale kama za trekta la shamba zinashika vizuri kwenye miteremko yenye tope ya Rungwe, lakini kila unapokata kona zinang'oa nyasi. Kwa uwanja tambarare ni kosa kuzinunua.

Sasa kazi yenyewe. Vifaa: jeki, vipande vinne vya mbao au matofali, bisibisi bapa, plaizi, tairi liva mbili fupi za pikipiki, kitoa kisindano cha vali, maji ya sabuni, msasa, poda ya mtoto, grisi, na geji ya upepo mdogo. Ongeza vipande viwili vya plastiki vilivyokatwa kwenye dumu la mafuta ya kula, vya kuwekwa kati ya liva na rimu.

Egesha kwenye sakafu ngumu, shusha kava la visu, toa ufunguo, na ng'oa waya wa plagi. Kisha zuia magurudumu ambayo hayainuliwi. Hili la kuzuia watu hulidharau kwa sababu breki imefungwa. Breki ya mashine nyingi za aina hii iko ndani ya gia za nyuma, kabla ya difu, ile gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile linaloelea linapata uhuru wa kuzunguka, na la chini nalo linaweza kuzunguka kinyume chake. Mashine inatembea breki ikiwa imefungwa. Kwa hiyo mbao ziwe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele.

Usiweke jeki chini ya boksi la gia. Mengi ni ya aluminiamu na yanapasuka. Weka kwenye bati nene la fremu, karibu na tundu la kuvutia tela. Mbele, ekseli imeshikwa katikati na inabembea, kwa hiyo jeki ikae upande wa gurudumu unalotoa, na gogo la akiba likae chini ya fremu.

Gurudumu la mbele lina kofia ya plastiki, chini yake klipu yenye umbo la herufi E, kisha washa, zile pete bapa za chuma. Funika klipu kwa kitambaa unapoisukuma kwa bisibisi, kwani inaruka na ikipotelea kwenye nyasi huioni tena. Pigia picha mpangilio wa washa kabla hujazitoa. La nyuma lina klipu kama hiyo, pamoja na kii, kipande cha chuma cha pembe nne chenye upana wa milimita 4.8 hivi kinachofunga gurudumu na shafti. Kinadondoka bila sauti. Ukisahau kukirudisha, shafti inazunguka na gurudumu linasimama. Mashine zenye nati nne au tano kwenye gurudumu hufunguliwa kama gari, na nati zilegezwe kabla ya kuinua.

Gurudumu la nyuma lililogoma limeshikwa na kutu kwenye shafti. Mimina mafuta ya kulegeza kutu, ngoja usiku mmoja, kisha gonga kitovu kwa nyuma ukitumia kipande cha mti huku ukizungusha. Usigonge rimu na usivute kwa tairi.

Toa kisindano cha vali upepo uishe kabisa. Hapa ndipo penye kazi: kubandua mdomo wa tairi, ule ukingo mgumu wenye waya, kutoka kwenye rimu. Kuukanyaga hakutoshi. Njia salama kwa rimu ni uzito wa gari. Laza gurudumu chini ya ndoano ya kuvutia ya pikapu au sehemu nyingine imara ya chasisi, simamisha jeki ya chupa juu ya ubavu wa tairi, kitako chake kikiwa juu ya kipande cha mbao kilicho karibu kabisa na ukingo wa rimu lakini hakiugusi, kisha pampu. Mdomo unazama ghafla. Mwaga maji ya sabuni, zungusha gurudumu, rudia mahali pawili au patatu, kisha geuza. Klampu kubwa ya seremala nayo inafanya kazi hii, polepole zaidi.

Rimu ina bonde katikati, na bonde hilo mara nyingi halipo katikati kamili, limesogea upande mmoja. Toa tairi kupitia upande ulio karibu na bonde. Ukilitoa upande wa pili utatokwa jasho bure na utachana mdomo. Liva inapoinua upande mmoja, goti lako liwe linasukuma mdomo wa upande ulio kinyume uingie bondeni. Tairi likikataa, tatizo si nguvu. Upande ule wa pili umetoka bondeni.

Likishatoka, pitisha kitambaa ndani lote. Mwiba uliobaki utakinasa, na vidole vitapona. Ng'oa miiba yote kwa plaizi kutoka nje. Angalia rimu pale mdomo unapokaa. Kama kuna magamba ya kutu, huenda hukuwa na pancha kabisa: upepo ulikuwa ukipita kati ya kutu na mpira, ndiyo maana tairi lililala kila baada ya siku tatu na ndoo ya maji haikuonyesha tundu. Piga msasa mpaka bati liwe laini, paka rangi, iache ikauke vizuri.

Kuweka tyubu: kata vali ya zamani kwa kisu, lainisha ukingo wa tundu kwa msasa, paka poda ya mtoto ndani ya tairi. Ipe tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo la mviringo. Ingiza mdomo wa kwanza kwenye rimu, ingiza tyubu, pitisha vali kwenye tundu. Mdomo wa pili anzia upande ulio kinyume na vali na umalizie kwenye vali, ukiisukuma vali ndani kidogo ili tyubu isibanwe chini ya mdomo. Liva iingie sentimita mbili tu. Pancha nyingi za tyubu mpya hutobolewa hapa hapa, na ncha ya liva. Jaza mpaka tairi lisimame, toa upepo wote, jaza tena. Kule kutoa ndiko kunakoinyoosha mikunjo.

Faida kubwa ya tyubu inaonekana sasa: pampu ya baiskeli inatosha. Tairi lisilo na tyubu linahitaji upepo mwingi wa ghafla ili midomo ikae, na pampu ya mkono haiwezi. Ukitaka kubaki bila tyubu, paka sabuni, acha kisindano kikiwa nje, zungushia kamba ya manila katikati ya uso wa tairi na ukaze kwa kijiti mpaka midomo iguse rimu, kisha tia upepo wa kompresa. Fungua kamba mara midomo inaposhika. Usizidi kiwango kilichoandikwa ubavuni, na simama pembeni, si mbele ya ubavu. Wapo wanaomwaga petroli na kuwasha kiberiti tairi liruke lenyewe. Rimu ndogo ya bati haina nafasi ya kosa hilo, usikubali lifanyike mbele yako.

Upepo wa kazini ni mdogo kuliko wengi wanavyoamini. Kwa mashine nyingi ni psi 14 mbele na psi 10 nyuma; kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Fundi wa barabarani aliyezoea kujaza 30 kwa kusikiliza mlio atakupa tairi gumu linaloruka, linalogusa nyasi kwa katikati tu, na linaloteleza kwenye mteremko. Geji nyingi za kalamu za gari huanzia 10, kwa hiyo hazikusaidii. Tafuta inayoishia 15 au 30.

Na kwenye milima hii kuna jambo la ziada. Mbeya mjini ipo mita 1,700 hivi juu ya bahari, Njombe juu zaidi. Hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo gurudumu lililojazwa psi 10 Dar es Salaam likisafirishwa na basi litasoma 11 au 12 Mbeya asubuhi ya baridi, na karibu 13 kukiwa na joto. Hakuna aliyeongeza. Vilevile asubuhi ya Julai yenye umande wa barafu Makete na mchana wake wenye jua hutofautiana kwa psi 1 au zaidi kidogo, na kwenye tairi la psi 10 hiyo ni sehemu kubwa. Pima wakati mmoja wa siku, tairi likiwa halijafanya kazi.

Matairi mawili ya nyuma yasome sawasawa. La kushoto likiwa 6 na la kulia 12, kava la visu linainama na nyasi zinakatwa kwa mteremko. Wengi hukimbilia kurekebisha vyuma vya kava, wakaharibu kilichokuwa sawa. Anza na geji.

Unaporudisha, paka grisi shafti ya nyuma yote, weka kii mahali pake, rudisha washa kwa mpangilio wa picha, kisha klipu mpaka usikie imeingia kwenye mfereji. Vuta gurudumu kwa mikono miwili kuhakikisha. Bushi ya mbele ipewe grisi kupitia nipo, ile chuchu ya kuingizia grisi, mpaka ile chafu itoke. Kesho yake asubuhi pima tena kabla ya kuwasha. Ikiwa upepo umeshuka kwa psi 2 au zaidi na baridi ni ileile ya jana, paka sabuni kwenye vali kwanza, kwani mara nyingi ni kisindano hakikukazwa.